Mhakiki wa Gemu Aliyeishia Getini

Mhakiki wa gemu wa pale Kyambogo, mtaani Kampala, hashiki rimoti ya kuchezea kabla ya kupangusa vidole kwenye shati, kama daktari anayejiandaa kupasua mtu. Gemu mpya ikitoka, anaiponda kwa sauti nzito aliyoiazima redioni: "Sisi wazoefu tutaiona nyepesi mno." Kisha anakufa. Kila mara anafia getini, mwanzoni mwa gemu, mikononi mwa mlinzi wa kwanza kabisa, na kila mara analaumu betri ya rimoti, ingawa moyoni anajua betri haina kosa. Leo alikuwa akirekodi video ya gemu mpya, wafuasi wake mtandaoni wakingoja awaambie kama wainunue, dada yake Shamirah akapita na beseni la nguo.

"Kaka, wewe bado uko kwa geti tu?"

Mhakiki akajicheka, sauti ya redio ikamponyoka. Akafuta yote, akaanza upya: "Ndugu zangu, geti la gemu hii limechorwa vizuri sana. Huko ndani sijafika."