Kufuli Mbili kwenye Mlango wa Kanisa

Juzi nilirudi Eldoret, nikapita kwenye kanisa letu la zamani, nikakuta limejengwa upya. Kuna vigae sakafuni, vipaza sauti vikubwa kama kabati, na geti lenye askari. Nilichokuwa nikitafuta mimi ni ile veranda ya simenti iliyopasuka, na haikuwepo. Rafiki yangu, nilisimama pale barabarani nikashikwa na hasira kana kwamba mambo yale yalitokea jana.

Nilikua na nyanya yangu kwenye chumba cha kupanga, nyuma tu ya kanisa. Ilikuwa enzi ya maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti tuliyogawiwa shuleni, na kila asubuhi kwenye paredi tulikariri upendo, amani na umoja hadi koo zikakauka. Jumapili ilinukia chapati na mafuta ya nywele. Kanisani, waliotoka magharibi walipenda ngoma; waliotoka mkoa wa kati walitaka nyimbo za kitabu, bila kelele. Sisi watoto tulipenda vyote. Wazee ndio waliogombana, mpaka mzee mwenye duka, aliyepinga ngoma, akafunga mlango kwa kufuli yake. Mzee karani, kiongozi wa watu wa ngoma, akaongeza ya kwake. Tangu hapo wakawa wanaabudu nje, hawa upande huu wa ua na wale upande ule, wakishindana kwa sauti.

Mvua za Julai zikaja, na mama mmoja mjane akaja nazo kutoka shamba kubwa la mahindi upande wa Moi's Bridge. Mumewe alikuwa kibarua huko. Alipokufa, mwenye shamba akataka nyumba yake. Mama yule alikuja na godoro, sufuria na mtoto wa kike mwenye kikohozi, akatua kwenye veranda ya kanisa. Nyanya alitaka kumleta kwetu, lakini mwenye ploti akamwambia akiongeza hata mtu mmoja, ahame. Basi akawa anawapelekea uji wa wimbi, nami namwekea mtoto maziwa yangu ya shule. Baridi ya Eldoret unaijua, na ile veranda ilikuwa wazi pande tatu.

Nyanya akaenda kwa mwenye duka. "Mama, mimi sina shida na huyo mjane," akajibiwa, "lakini yule afungue yake kwanza." Akaenda kwa karani. "Mama, nikifungua leo, kesho wataingia wao na ngoma zetu zitupwe nje. Hiyo maneno tungojee kamati." Kamati! Jumapili ile pande zote mbili zilimwombea mjane kwa machozi, naye akiwa pale pale katikati yao, amemfunika mtoto kwa gunia. Mpaka leo sijasikia maombi yaliyonichukiza kuliko yale.

Mtoto hakufika Jumapili iliyofuata. Ndipo funguo zikapatikana. Mlango ukafunguliwa, mabenchi yakapanguswa vumbi, jeneza dogo likaingizwa. Na unajua walianza na nini? Karani alisema mtoto ni wa magharibi, ngoma ipigwe. Mwenye duka akasema msibani hakuna ngoma. Wakabishana hapo juu ya jeneza, watu wazima na suti zao.

Mjane akainuka. "Nyamazeni," akasema. "Mtoto wangu alihitaji mlango tu."

Akashika jeneza upande mmoja, nyanya akashika wa pili, wakatoka nalo. Hakuna aliyeimba.

Sasa nyanya hayupo, wazee wale hawapo, na mjane sijui aliishia wapi. Nikamuuliza askari wa geti: usiku mvua ikinyesha, mtu akakosa pa kulala, mnamfungulia?

"Hapana, mzee," akasema kwa heshima. "Hiyo mpaka kamati ikubali."

Nikatazama lile geti, refu na jipya, na vigae vinavyong'aa nyuma yake. Angalau mjane wetu alikuwa na veranda.