Shahidi wa Cherehani Tatu

Shule niliachia kidato cha pili, lakini wasia nimeandika. Tena kwa kalamu ya bluu, mistari imenyooka kama ya mwalimu. Ulikuwa wa mwenzangu, mwanamke ambaye tumekaa naye mtaa wa Pipeline, Nairobi, miaka saba, caretaker akituita "masista" juu hesabu ingine ingemuumiza kichwa.

Jumatatu alikuwa aingie hospitali, atolewe uvimbe tumboni. Kaka zake wawili, ambao hawajawahi kuona mlango wetu, walikuwa washapiga simu kuuliza ana cherehani ngapi siku hizi. Mapenzi ya ndugu hayo.

Basi wasia ukasema akifa, cherehani zote tatu, duka lake la kushona na vitu vya nyumba ni vyangu. Akasaini. Chini kulikuwa na nafasi ya shahidi. Na nani mwingine alijua siri yetu? Nikasaini mimi. Nikajisikia jaji kabisa.

Ijumaa tukaupeleka kwa wakili mmoja huko juu ya soko la Muthurwa, mama wa miwani. Akasoma, akaniangalia.

"Shahidi ni nani?"

"Ni mimi."

"Na anayepewa kila kitu?"

"Bado ni mimi," nikasema, meno yote nje.

"Basi umejinyima mwenyewe, mama; shahidi harithi. Leteni mashahidi wawili ambao hawapati hata kijiko, na wote wamuone akisaini."

"Sasa si watasoma?"

"Nani amesema wasome? Waone sahihi tu."

Kwa ngazi mwenzangu akanicheka. "Miaka saba nalala na msomi, na sikujua."

Jumapili msomi, yaani mimi, akaja na mpango. Tukaita jirani yetu wa chini, mama wa Mombasa anayetuuzia mahamri, na mzee wake aliyestaafu reli. Nikaandika wasia upya, nikaufunika na gazeti, nikaacha tu sehemu ya kusaini.

"Ni fomu ya hospitali," nikadanganya.

Mama akaangalia gazeti, akaniangalia mimi. "Mwanangu, hilo gazeti latufichia nini? Siku mlipohamia, nani aliwabebea kitanda hadi ghorofa ya tano?"

"Mimi," mzee akajibu. "Mgongo haujasahau."

"Vilikuwa vitanda vingapi?"

"Kimoja."

"Basi. Leteni kalamu, chai yangu yapoa."

Mwenzangu akasaini wakimwangalia, wao wakafuata. Mimi nilikuwa nimeshika gazeti tu, sina kazi. Siri niliyolinda miaka saba ilikuwa imepanda ngazi na mgongo wa mtu.

Operesheni ilienda vizuri. Jumanne kaka zake wakatokea wodini na ndizi nne, pole mbili, na swali moja: funguo za duka ziko wapi?

Mwenzangu akafungua jicho moja.

"Ziko kwa msomi," akasema, akalala tena.