Njia Fupi ya Chapuchapu

Ofisini walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa. Hata chai aliinywa amesimama. Alikuwa mwandishi wa programu katika kituo cha simu za dharura, na jambo moja lilimkosesha raha: mtu akipiga simu, mashine ilisuasua kabla ya kutaja gari la wagonjwa lililo karibu. Ilisuasua kwa sababu kila njia iliulizwa kwenye maktaba, yaani vile vipande vya programu vilivyotumiwa na ofisi nzima, na maktaba ilikagua kila mara kama barabara imefungwa. Ya nini yote hayo? Barabara zenyewe hufungwa mara ngapi? Basi akanakili kipande cha kupima umbali, akaondoa ukaguzi, akakipachika kwenye programu yake. Mwenzake aliyetunza maktaba alimwonya kwamba habari za barabara kufungwa zikiingia kwenye maktaba, nakala haitazipata. Chapuchapu alicheka. Majibu yakaanza kutoka kufumba na kufumbua, bosi akampongeza mbele ya watu, na kichwa kikamvimba, tusifichane.

Siku moja ya mapumziko, asubuhi, mama mkwe wake aliteleza bafuni. Alilala sakafuni akitetemeka, nyonga haigusiki, na bado alikuwa na nguvu za kumwambia mkwewe aache kuzungukazunguka, anamtia kizunguzungu. Chapuchapu akapiga simu. Mpokeaji hakumwacha hata amalize: gari linatoka ng'ambo ya mto.

"Litapita wapi?"

"Darajani."

Redio ilikuwa imetangaza tangu alfajiri kwamba daraja limefungwa, naye hakutia maanani. Sasa akakumbuka. Maktaba ilijua. Nakala yake haikujua.

"Kile kitufe cha zamani, kinachouliza maktaba, bado kipo? Kibonyeze."

"Kile kinachelewa, kaka."

"Kibonyeze tu, dada. Hicho cha haraka nilikiandika mimi."

Akapiga magoti, akamshika mama mkwe mkono, akasubiri, yeye asiyejua kusubiri. Mkewe akaingia mbio na blanketi, akauliza hao watu wanangoja nini.

"Nimewaomba wasiharakishe," akasema.

Hatimaye mpokeaji akarudi. Kulikuwa na gari upande wao wa mto, na lilikwisha kuondoka. Kisha akashusha sauti.

"Asubuhi yote madereva wanatuambia daraja limefungwa. Tukawagombeza, maana mashine inasema njia iko wazi."