Aliyeitikia Marahaba

Naanza na ujinga wangu, ili wa kucheka mcheke mapema tuendelee. Mimi, mzaliwa wa Bagamoyo, niliyelelewa na mama wa hapa hapa mtaa wa Dunda, nililala baada ya alasiri kwa kusudi. Sikupitiwa. Nilitandika, nikafunga dirisha, nikalala mpaka adhana ya magharibi, saa ambayo kila mtoto wa pwani huamshwa kwa kofi, asije akapatwa na mashetani. Yaliyofuata ni kweli tupu. Ningetaka kutunga, ningetunga kisa ambacho siaibiki mimi.

Kazi yangu ni cherehani, nashonea sebuleni. Mimi na kutoka nje ni mbalimbali. Nikifika Mbegani, hapo jirani tu, hujiona nimehama mkoa. Cheti changu cha kidato cha nne kimo kabatini, mende ndio wanaokisoma. Mama alipokuwa hai hayo hayakuwa na neno, maana yeye alikuwa ndiye soko langu, redio yangu na wageni wangu. Alipofariki, nyumba ikabaki na sauti ya cherehani tu. Sauti yake sikuwa nayo hata kwenye simu, alichukia kurekodiwa. Nikaanza kuogopa kwamba nitaisahau.

Ndipo simu ikaniletea video ya kijana mmoja mwenye hedifoni, anafundisha namna ya kuota huku unajua kwamba unaota, mpaka ukamwita ndotoni umtakaye. Kwanza, alisema, vunja mazoea ya kulala: katiza usingizi, lala kidogo kidogo saa usizozizoea. Halafu mchana kutwa jipime kama uko macho, ili siku moja ujipime ndotoni na ugundue. Yeye alishauri kuhesabu vidole. Vyangu ndotoni havizidi wala havipungui, vivivu kama mwenyewe. Nikabuni kipimo changu: shikamoo. Nilishaona kwamba ndotoni ukimwamkia mtu haitikii, anakutazama tu. Ukisikia marahaba, basi uko macho.

Nikawa naamkia watu hovyo. Aliyepata taabu zaidi ni Bi Kidawa, jirani yangu wa ukuta mmoja, anayekaanga bagia kibarazani kwake.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba. Ya nne hii tangu asubuhi. Unaniaga, au unahakikisha kama bado ni mzima?"

"Heshima tu, Bi."

"Kama ni heshima, kaa basi, unywe chai."

"Nina kazi, Bi."

Kazi yenyewe ilikuwa kwenda kulala.

Amini usiamini, ikakubali. Jioni moja nikajikuta uani, mama ameketi mkekani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia. Akanyanyua uso, akanitazama, akarudi kwenye mchele wake. Hakuitikia. Moyo ukanilipuka kwa furaha, maana nilijua naota na nilijua nipo naye. Nikakaa kando yake. Nilipoamka, mto ulikuwa umelowa.

Basi ikawa kila siku. Ikifika alasiri najifungia kama bwana harusi. Nguo za watu zikalala mashineni, wenyewe wakija nasema uzi umekwisha. Lakini mama hakufungua kinywa, na mimi nilichokuwa nakitafuta ni ile sauti. Siku moja nikamshika mkono humo humo ndotoni, nikamwambia, "Mama, niitikie hata mara moja." Kulala saa ile ulikuwa ujinga. Hili la kuomba, mpaka leo silijui jina lake.

Kesho yake niliamka kwa adhana ya magharibi. Najua niliamka: nilivaa ndala, mguu wa kushoto umekufa ganzi, nikajigonga kwenye meza ya cherehani na kutukana. Kiza kilikuwa kinaingia. Nikasikia uani mchele unarushwa kwenye ungo. Nani wa kupepeta mchele kwangu, mimi ninayeishi kwa bagia na chai? Nikatoka. Mwanamke ameketi mkekani, amenipa mgongo. Kanga ni ya mama, na mabega ni ya mama. Nikajipima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Njoo ukae."

Hebu fikiria. Kwa kipimo changu mwenyewe, nilikuwa macho.

Na sauti ilikuwa nzuri, laini kuliko ya mama, ambaye koo lake lilikuwa na mikwaruzo. Ila mama hakuniita "mwanangu" hata siku moja. Nimepewa jina la baba yake, kwa hiyo tangu niko mchanga aliniita baba. "Marahaba, baba," hivyo ndivyo alivyoitikia maisha yake yote. Huyu hakulijua hilo. Nikajua si yeye. Na bado, nisiwadanganye, nikapiga hatua kumwendea. Akasogea mkekani kunipisha, uso hakugeuza. Ningekaa. Wallahi ningekaa.

"Hodi humo," Bi Kidawa akaita mlangoni. "Mbona taa hujawasha?"

Nikageuka kuitika. Nilipotazama tena, mkekani umebaki ungo, mchele nusu umechambuliwa, chuya zimetengwa kando. Bi Kidawa aliingia akauona kwa macho yake, akaniuliza nimeanza lini kupika.

Siku hizi nalala usiku. Mama simwoti tena, na hilo ningelivumilia. Lakini nikijaribu kuikumbuka sauti yake, ile ya mikwaruzo, inayonijia ni ya yule wa mkekani, laini, inaniita mwanangu. Najua maneno aliyokuwa akiyasema mama. Sauti yake siisikii tena.

Kwa hiyo wewe ambaye simu inakuletea video kama zile, marehemu wako mwombee dua umwache apumzike. Jua likielekea kuchwa, amka, hata kama huna pa kwenda. Na wa ndotoni akinyamaza, mshukuru kwa kunyamaza kwake. Usimbembeleze, hujui nani mwingine anakusikiliza.

Bi Kidawa nilimsimulia yote jioni ile ile, nikitegemea huruma. Alibeba ungo, akaumwaga mchele jalalani, akarudi akasimama mlangoni mwangu, akasema: "Mimi shikamoo zako nne kwa siku naziitikia, na kukaa nakuambia ukae, hujakaa hata mara moja. Huyo kakuitikia moja tu, ukataka kukaa. Mpumbavu wewe."