Mkono Kwenye Swichi Kuu

Yule fundi umeme mwanamke, mwenye kovu shavuni na mdomo usiotulia, hakuwa na woga wa mtu. Mteja akifoka, naye anafoka. Lakini mwambie tu, "Nimezima, we endelea," uone. Anashuka ngazi, anakwenda mwenyewe mpaka kwenye swichi kuu, anaikagua kwa macho yake mawili, anarudi, na bado anapima waya kwa testa mara tatu. Mumewe alishachoka. "Hata mimi huniamini?" Hata yeye. Miaka ishirini ya ndoa, jamani!

Ugonjwa huo aliutoa kwa baba yake. Marehemu Mzee Cheche, fundi aliyejulikana mtaa mzima, ndiye aliyemfundisha kazi. Siku moja binti wa watu ana miaka kumi na nne, yuko juu ya ngazi, furaha imemjaa kwa kupewa kazi ya kikubwa.

"Baba, umezima?"

"Nimezima."

Akagusa. Shoti ikamrusha mpaka chini, shavu likachanika kwenye ukingo wa meza. Alipofumbua macho, baba yake amechuchumaa pembeni, anamfuta damu kwa leso, taratibu kabisa. "Usimwamini aliyeshika swichi," akasema. "Hata mimi baba yako." Halafu akambeba mgongoni mpaka zahanati, njia nzima akimuuliza kama anaumia.

Sasa mtu kama huyo utampendaje? Na utamchukiaje? Fundi hakupigwa shoti tena maishani, wakati wenzake wawili walioanza naye kazi wako kaburini. Akikumbuka hilo, moyo humwambia ashukuru, na papo hapo woga uleule humrudia. Hata siku ya mazishi alisimama nyuma ya watu wote, mbali na jeneza, maana hakuamini kwamba mzee ameondoka kweli.

Miezi mitatu baadaye taa ya sebuleni kwa marehemu ikagoma. Fundi akaenda na binti yake wa miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza anaanza kazi. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, lakini walipoingia tu mwili ukamsisimka. Koti la mzee bado lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango.

"Panda wewe," akamwambia binti. Mwenyewe akaenda ukumbini, akazima swichi kuu, akabaki amesimama hapohapo. Kupitia mlangoni aliiona miguu ya mwanawe kwenye ngazi.

"Mama, umezima?"

"Nimezima."

Ndipo mkono ukapanda. Hakuutuma, wallahi hakuutuma. Ulipanda wenyewe, kidole kikatulia juu ya swichi, na kichwani maneno yakaanza kuja, matamu, yenye akili: mara moja tu, ajifunze, asipojifunza kwako atafia kwa watu, wewe si uko hai? Jasho likamtoka. Aliogopa kuliko siku ile ya ngazi, maana safari hii aliyeshika swichi alimjua fika.

"Shuka!" akapiga kelele. "Shuka sasa hivi!"

Akauvuta mkono, akaubana kifuani, akaserereka na ukuta mpaka chini. Binti akaja mbio. "Mama, vipi? Unaumwa?"

"Nilitaka kuwasha. Wewe umeshika waya, nami nilitaka kuwasha. Nisamehe, mwanangu."

Alingoja kilio, alingoja matusi hata. Binti hakushtuka, na hilo likamtia Fundi hofu mpya.

"Sikuwa nimeshika, Mama. Nilikuwa napima." Akamwonyesha testa. "Hata nikikuona kwa macho yangu unazima, huwa napima."

"Nani kakwambia usiniamini?"

Binti akafungua kiganja. Katikati palikuwa na lile kovu ambalo miaka yote nyumbani waliliita la pasi.

"Babu. Likizo ile uliyoniacha hapa, nikiwa na miaka tisa. Akaniambia niseme ni pasi."

Fundi akakishika kile kiganja, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Ulimjua alivyo, Mama," binti akasema polepole. "Mbona uliniacha naye?"

"Aliomba nikuache kwake," Fundi akasema. "Nikaogopa kumkatalia."