Picha ya Miguu ya Naisula

Naisula ni fundi cherehani pale Ngaramtoni. Anashona sare za shule na majoho ya kwaya, na siku za soko hapati hata nafasi ya kula. Miguu yake ni ya matege. Ilipinda utotoni kwa sababu ya maji tuliyokunywa Nduruma, yale yanayogeuza meno kuwa kahawia na kuharibu mifupa ya watoto. Anatumia cherehani ya umeme kwa sababu ile ya kukanyaga inamuumiza. Mimi ndiye mama yake.

Alipokuwa darasa la pili alikuja kijana wa chuo anayeitwa Lengai, akichunguza maji hayo. Hakuwa mgeni. Baba yake na mume wangu ni rika moja, na kwetu Waarusha mtoto wa mwanarika wako ni mtoto wako, humnyimi kitu. Alikuja na sukari na tumbaku, kama wanavyokuja watu wa posa, akaketi na wazee. Sukari ikishapokelewa, neno limekubaliwa. Mume wangu aliipokea. Chai nilipika mimi. Nilipouliza kijana anataka nini, niliambiwa mambo ya maji hayanihusu, na aliyekuwa akiyateka ni mimi.

Walimsimamisha mtoto ukutani, wakampandisha gauni hadi mapajani, wakampiga picha. Alilia. Nilipokwenda kumchukua, mume wangu alinikaripia mbele ya wazee, nikarudi jikoni. Lengai alipata shahada yake na kwetu hakurudi.

Mwaka jana msichana mmoja, Nice, alikwenda kwa Naisula kushonesha gauni. Wakati wa kulijaribu alimtazama Naisula miguuni, akatazama tena.

“Dada, si wewe uko kwenye somo letu?”

Hakuwa na ubaya. Alieleza kwamba chuoni kwao mjini kuna mwalimu anayewafundisha wanasayansi vijana jinsi ya kuishi vizuri na watu wanaowachunguza. Picha ya Naisula huoneshwa ukutani, kubwa, kama mfano wa mtafiti aliyeomba ruhusa kwa kuheshimu mila. Naisula alimaliza kubana pini. Kesho yake hakufungua duka, wala keshokutwa yake. Aliniambia jambo moja tu, kwamba anataka picha ile iondolewe. Nikaenda naye chuoni.

Mwalimu Evaresta ni mama wa Kichaga wa umri wangu, mpole. Alituketisha, akaagiza chai, nikaiacha ipoe. Alieleza kwamba macho ya mtoto yalizibwa kwa mstari mweusi, hivyo hakuna anayeweza kumjua.

Naisula akamwambia, “Mwalimu, wanaonijua hawanijui kwa macho. Wananijua kwa miguu.”

Mwalimu alinigeukia. Kisha akaniuliza kama mimi niliombwa ruhusa. Nikamwambia walioombwa walikuwa nje na sukari, mimi nilikuwa jikoni. Akauliza kuhusu mtoto. Nikamwambia mtoto alikuwa analia.

Alisema ameifundisha picha hiyo miaka mingi kama mfano mzuri. Aliifuta kwenye somo lake mbele yetu. Alisema pia kwamba kitabu alichoandika Lengai, chenye picha hiyo, kiko mikononi mwa watu wengi, na hicho hawezi kukirudisha. Nilikuwa najua. Cha kwetu kikishachukuliwa huwa hakirudi.

Alimwomba Naisula afike darasani siku moja, akimwambia waziwazi kwamba anaweza kukataa. Naisula akakubali. Alitaka aingie kabla ya wanafunzi na awekwe nyuma ya meza. Mimi nilikaa karibu na mlango.

Mwalimu aliwasimulia habari yote bila kuwaonesha kitu, na akasema aliyekuwa akifundisha kosa kama jambo jema ni yeye. Kijana mmoja, Thomasi, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, bila kuiona picha tutaelewaje kosa lenyewe?”

“Thomasi anataka sinema,” mwenzake akasema nyuma, wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Alimgeukia Naisula. “Mwanangu, jibu ni lako.”

“Hapana,” Naisula akasema.

Thomasi alisubiri. Wote walisubiri, kalamu mkononi. “Kwa nini, dada?”

“Nimesema hapana.”

Kijana alimtazama mwalimu kama anayeomba msaada, na mwalimu hakumpa. Mwishowe akasema, “Samahani, dada,” akaketi.

Kipindi kilipokwisha, Naisula alimwomba mwalimu vijana watangulie kutoka. Mwalimu akawaambia. Walitoka taratibu, wengine wakiniamkia shikamoo mlangoni, na hakuna aliyegeuka kutazama chini ya meza. Chumba kilipobaki kitupu, Naisula alisimama.

Nyumbani baba yake aliuliza tumetoka wapi. Sikumjibu.