Helmeti Iliyokwisha Kupigwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ghala la vifaa vya michezo mjini Louisville, Marekani, msimamizi wa zamu aliniwekea mezani kitu kinene cheupe nikadhani ni godoro la mtoto mchanga. Ilikuwa pedi ya mguu ya golikipa wa hoki ya barafu. Ulikuwa mwaka 2014. Nilikuwa Mrundi niliyetoka kambini Tanzania na ufundi wa cherehani, na barafu nilikuwa nimeiona kwenye soda tu. Msimamizi, mama asiyecheka ovyo, alinionyesha kupitisha kidole gumba kwenye mshono wote, polepole, kutafuta uzi uliolegea. "Usitazame," alisema. "Papasa." Ninyi vijana mnaopiga kitu picha na kukiita kizuri, jueni sisi tulianzia hapo.

Baadaye nilihamishiwa Columbus, kwenye duka la kampuni hiyo hiyo karibu na chuo kikuu. Huko wachezaji walichezea glavu na pedi mpya kwa muda, kisha wakarudi kutueleza, nasi tukaandika tathmini ya kusomwa na wanunuzi. Meneja hakutaka maneno matamu. Nikiandika "inapendeza", aliifuta. "Inamfanyia nini aliyeivaa?" aliuliza. "Inambana wapi? Ikilowa jasho inakuwaje?" Nilimchukia kwa muda, halafu nikajikuta nauliza hivyo hivyo hata nikinunua viatu.

Kazi yenyewe hasa niliikuta Buffalo, kwenye chumba cha majaribio. Kulikuwa na mashine tuliyoiita mzinga. Ilifyatua paki, kile kisahani cha mpira mgumu kinachochezewa hoki, ikakipiga kichwa cha sanamu kilichovalishwa helmeti. Mkuu wa majaribio, mtu wa maneno machache, alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: helmeti iliyopigwa na mzinga haivaliwi tena, hata kama haina mkwaruzo. Sponji ngumu ya ndani ikishabonyea hairudi ilivyokuwa, na kwa nje utaiona mpya. Tulizitupa kwenye pipa la nyuma.

Aliyemwaga pipa hilo ni Papa Neema, Mkongo wa Uvira tuliyesali naye kanisa moja. Binti yake Neema alikuwa golikipa wa timu ya wasichana huko Kenmore, jirani na Buffalo, na helmeti ya kuazima ilimbana masikio. Sisi watu wa kambi hatutupi kitu kizima. Turubai lililochanika tulilishona begi, debe la mafuta tuliligeuza jiko. Kwa hiyo alipookota moja pipani sikumshangaa, hata nilipokasirika.

Jumamosi moja tulikwenda na waumini wenzetu kumshangilia Neema. Aliingia kwenye barafu na helmeti nyeupe inayong'aa, na chini ya kidevu nikauona mkanda niliokuwa nimeushona mwenyewe kwa uzi wa bluu, ili ukae vizuri kwenye kichwa cha sanamu. Nilishuka ngazi, nikamwita mtoto pembeni, nikamweleza kocha, nikamvua. Ile ya kuazima ilikuwa imesharudishwa, na nyingine ya kumtosha haikuwepo. Alikaa benchi mchezo mzima akilia, na wenzake wakafungwa vibaya.

"Bon, Mama Josiane," baba yake aliniambia mlangoni, "juu ya nini unamunyanganya mutoto kofia mbele ya batu? Iko muzima."

"Tuliipiga mzinga, Papa Neema."

"Iko muzima," akarudia, akaondoka bila kuniaga.

Jumatatu aliibeba mwenyewe mpaka kwa mkuu wa majaribio, akijua angeweza kufukuzwa kazi, akaomba ipigwe mbele yake. Mkuu hakumgombeza. Aliivalisha sanamu, akafyatua.

Ilishika. Haikupasuka popote. Nilisimama pale nikiona aibu, nikimkumbuka yule mtoto na machozi yake. Mkuu aliifungua, akamkabidhi.

"Imeshika," alisema. "Kama unaiamini, mpelekee binti yako avae."

Nikatafsiri. Papa Neema aliigeuza, akaingiza mkono ndani, akapapasa sponji pale kwenye paji la uso, kidole chake kikakwama palipobonyea.

"Mwambie hapana," alisema mwishowe. "Mwambie anipe musumeno."

Aliikata mwenyewe vipande viwili. Tangu siku hiyo kila helmeti iliyopigwa ilikatwa kabla ya kutupwa, na mkataji alikuwa yeye. Salamu zake kwangu zilichelewa sana kurudi.

Sasa nimestaafu, magoti yangu hayataki tena ngazi za Buffalo wala theluji yake. Vijana wanaoniuliza kuhusu kazi ile wanapenda habari za helmeti zilizopasuka. Mimi nawaza hiyo iliyoshika. Labda ingeshika na Jumamosi ile, Neema angecheza, na baba yake angerudi nyumbani akijivuna. Inawezekana kabisa nilimliza mtoto bure. Sitajua kamwe, na kila nikimwona Neema kanisani namshukuru Mungu kwamba sijui.